Analala Arua, Anahesabiwa Kwingine: Kisa cha Familia Moja na Mfuko wa Jiji

Familia ninayoieleza hapa inaishi Oli, mtaa wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika chumba kimoja cha kupanga. Ni mama wa miaka thelathini na ushei, watoto wake watatu, na bibi yao mzaa mama, ambaye karatasi zake zinasema ana miaka 74. Walitoka Mahagi, upande wa Ituri, Kongo, wakati vijiji vya kwao vilipokuwa vikichomwa. Waliandikishwa kama wakimbizi katika makazi ya Rhino Camp, wakapewa kiwanja na kadi ya chakula. Baada ya muda mama akawachukua wote akawaleta mjini. Nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike, ila njia waliyopita kutoka ofisi hadi ofisi nimeiacha ilivyokuwa, kwa kuwa nilikuwa nao kama mkalimani. Mama anasema Kialur, Kilingala na Kiswahili. Ofisini watu huongea Kilugbara na Kiingereza. Mtaani Oli, Kiswahili na Kinubi vinamtosha.

Nilichofuatilia ni kitu kimoja: kila mara familia hii ilipohitaji huduma ya serikali jijini, pesa za huduma hiyo zilitoka mfuko gani, na nani alikata kiasi chake. Ukifuata hilo unaelewa kwa nini kituo cha afya kinaishiwa dawa, bila hata kumtafuta mwizi. Wizi upo, hakuna anayebisha. Lakini katika kisa hiki, hata kama kila aliyegusa shilingi angekuwa mwadilifu, dawa zingekwisha vilevile. Na ndiyo maana kinanikera.

Jiji lenyewe

Arua ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Gulu, Jinja, Mbarara, Masaka, Mbale na Fort Portal. Kabla ya hapo ilikuwa manispaa yenye divisheni mbili, Arua Hill na River Oli, na sensa ya mwaka 2014 iliikuta na watu elfu 62 na ushei tu. Ilipopandishwa cheo, ilipewa pia Ayivu iliyoizunguka: Dadamu, Pajulu, Oluko na kwingineko. Watu waliolala wanakijiji wenye mashamba ya mihogo wakaamka wakaaji wa jiji. Leo kuna divisheni mbili, Central na Ayivu, yuko meya aliyechaguliwa, yuko karani wa jiji ambaye ndiye mwenye dhamana ya fedha, na yuko mwakilishi wa rais.

Kuna jambo lililobadilika ambalo halikuzungumzwa sana wakati ngoma zikipigwa. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, kaunti ndogo ya kijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya na kupeleka asilimia 35 wilayani. Mjini hesabu ni nyingine: divisheni hubaki na asilimia 50, na nusu ya pili huenda makao makuu ya jiji. Kwa hiyo mkaaji wa Ayivu alipata jina la jiji, na sehemu ya ushuru wake iliyokuwa ikibaki karibu na nyumbani ikapungua.

La pili ni la mipaka. Siku hiyohiyo ya 1 Julai 2020, Terego ilitoka katika wilaya ya Arua ikawa wilaya inayojitegemea. Madi-Okollo ilikuwa imeshajitenga mwaka mmoja kabla. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi yakabaki katika wilaya hizo mbili. Kwenye ramani ya serikali, basi, jiji la Arua halina makazi ya wakimbizi hata moja. Ukipita Oli asubuhi, ukasikiliza lugha zinazosemwa kwenye foleni ya maji, ramani hiyo utaikataa. Kuna Wakongo, kuna watu wa Sudan Kusini waliokimbia vita vya Julai 2016 na vilivyofuata, na kuna Walugbara na Wakakwa ambao nusu ya ukoo iko ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile tangu wakoloni walipochora mstari.

Dawa

Mtoto wa katikati, wa miaka sita, alishikwa na homa usiku. Asubuhi mama akampeleka katika kituo cha afya cha serikali cha daraja la tatu. Huduma katika vituo vya serikali Uganda ni bure tangu mwaka 2001, ada zilipofutwa. Bure hiyo huanza na kununua daftari. Kila mgonjwa huja na lake, lile la wanafunzi lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kwa sababu kituo hakina kadi za kuwapa watu wote. Mama alikuwa nalo tayari, limekunjwa katikati, kurasa za mwanzo zimejaa maandishi ya kliniki ya Rhino Camp.

Mtoto akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa na haraka, na niseme wazi kwamba sista aliyempokea alikuwa mtu wa upole na wa kazi. Kisha akaandika jina la dawa kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akasema: "Mama, hii utanunua nje. Stoo imekwisha. Zingine zitakuja mwezi ujao." Nilipomuuliza kwa nini, alinionyesha daftari kubwa la wagonjwa wa nje. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umejaa, na saa nne ilikuwa bado haijafika.

Kwa nini dawa ziliisha? Hapa inabidi kueleza jinsi zinavyofika. Dawa za vituo vya serikali hununuliwa na kusambazwa na Bohari ya Taifa ya Dawa. Pesa zake hazipiti jijini: Bunge huzitenga, Bohari huzipokea, kituo hupata maboksi. Husambazwa kwa mizunguko sita kwa mwaka, kila miezi miwili mara moja. Hospitali na vituo vya daraja la nne huagiza wenyewe wanachotaka, ndani ya kiwango cha pesa walichopangiwa. Vituo vya daraja la pili na la tatu haviagizi. Hivyo hupelekewa boksi lililopangwa mapema, aina zilezile na idadi ileile kwa vituo vya daraja moja katika eneo. Boksi la kituo chenye wagonjwa wachache kijijini linafanana na la kituo chenye foleni mpaka barabarani mjini.

Kwa mwongozo wa Wizara ya Afya, kituo cha daraja la tatu kimekusudiwa watu 20,000, na cha daraja la nne watu 100,000. Katika mji uliokuwa na watu elfu 62 kwenye vitabu, kiwango hicho kilionekana kutosha. Lakini sensa ya 2014 ilifanyika mwezi Agosti mwaka huo, na iliyofuata ilikuja Mei 2024. Katikati ya miaka hiyo kumi, wakimbizi Uganda walipita milioni moja, wengi wao wakiingia kupitia West Nile, yaani kanda hii ya Arua. Mipango ya miaka hiyo yote ilifanywa kwa makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya kabla ya mafuriko ya watu. Juu ya hapo, watu huja Arua kutibiwa kutoka wilaya jirani na kutoka ng'ambo ya Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, kwa sababu upande wa pili matibabu ni ya kulipia.

Kuna sababu nyingine iliyowasukuma watu kutoka makazini hadi mjini, nayo ni chakula. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kupunguza mgao mwaka 2020, likapunguza tena mwaka 2021, na mwaka 2023 likaanza kuwagawa wakimbizi kwa makundi kufuatana na udhaifu wao. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, watu wapatao milioni moja waliondolewa kabisa kwenye mgao nchini. Mama huyu alihama kabla ya hilo la mwisho. "Kadi ilikuwa inanipa siku kumi za kula," aliniambia, "mwezi una siku thelathini." Hesabu yake haina kosa. Akaja mahali anapoweza kuuza kitu.

Nilirudi kwenye lile daftari kubwa la wagonjwa, kwa sababu ndani yake kuna kiini cha kisa chote. Kuna safu ya jina, ya umri, ya jinsia, na ya mahali anapokaa mgonjwa. Kwenye safu ya mahali, sista aliandika jina la mtaa wa Oli. Hakuna aliyemdanganya, ndipo mama anapolala. Lakini kwenye kadi ya chakula mama ni mtu wa Rhino Camp, na kwa kadi hiyo wilaya nyingine ndiyo inayohesabiwa kuwa inamhudumia. Na kwenye makadirio yanayopanga boksi la dawa, hayupo Arua. Kwa hiyo ni mkaaji halali mbele ya muuguzi na si mkaaji mbele ya Hazina. Jiji linambeba kwa mikono bila kupewa mzigo wake kwa karatasi.

Watu wengi mjini humlaumu mama wa namna hii. Nimesikia foleni nzima ikisema kwamba wageni ndio wanaomaliza dawa. Nawaelewa, kwa sababu mwenye mtoto mwenye homa hana muda wa kusoma sera. Lakini mama hakumaliza dawa ya mtu. Dawa yake haikununuliwa, au ilinunuliwa ikapelekwa asipokuwepo.

Alinunua nje. Kwa pesa alizolipa duka la dawa, angekula na watoto wake siku nne. Mtoto akapona.

Shule

Huku habari ni nzuri zaidi, kwa hiyo sitakaa sana. Elimu ya msingi ni bure tangu 1997, na ruzuku ya shule huhesabiwa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, kisha ikaongezwa. Ni ndogo mno, lakini ina sifa moja ambayo boksi la dawa halina: inamfuata mtoto. Mwalimu mkuu akimwandikisha mtoto wa Kikongo, mtoto huyo anahesabika. Anachelewa kuhesabika, kwani idadi hukusanywa kabla na pesa hufuata baadaye, lakini anahesabika. Labda ndiyo maana watoto walipokelewa bila maswali mengi.

Kikwazo kilikuwa uji. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema kumlisha mtoto shuleni ni jukumu la mzazi. Shule ile iliomba mchango wa uji na wa karatasi za mtihani. Wawili wakalipiwa, na yule mkubwa, msichana wa miaka kumi na moja, akabaki nyumbani na bibi muhula mmoja. Alikuwa akinisalimia mlangoni akiwa na ndoo ya nguo. Mshahara wa mwalimu unalipwa na serikali kuu, darasa lipo, kitabu kipo, na mtoto anakosa kwa ajili ya kikombe cha uji. Kama jiji lingekuwa na mfuko wake wa kufunika pengo hilo kwa watoto wa aina hii, lingekuwa limepata elimu kwa bei ndogo kuliko yoyote ninayoweza kuifikiria.

Ofisi ya maendeleo ya jamii

Bibi ana macho yanayofifia na miguu inayovimba. Tukampeleka kwa afisa maendeleo ya jamii, maana kwa muundo wa serikali za mitaa hapo ndipo mzee, yatima na mlemavu wanapoanzia. Ofisi ilikuwa na meza, kabati la mafaili, na kijana aliyesoma kazi yake vizuri. Hakuwa na kingine. Aliniambia bila kuficha kwamba pikipiki ya ofisi ipo lakini mafuta hayapo.

Nchi ina posho ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ambayo mpango wake ulianza kwa majaribio mwaka 2010 na sasa umeenea nchi nzima. Lakini anayestahili ni mwenye miaka 80 na zaidi, na lazima awe na kitambulisho cha taifa. Bibi amekosa mara mbili: umri haujafika, na yeye ni mkimbizi. Kuna mpango wa maendeleo wa PDM, uliozinduliwa Februari 2022 ili kupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, yaani eneo la utawala lililo juu ya kijiji, ili watu wakopeshane. Huo nao unataka kitambulisho. Nitauongelea kidogo kwa jambo jingine. Kiasi kilipangwa kuwa kilekile kwa kila parishi, iwe ya mashamba yenye nyumba zilizotawanyika au ya mjini ambako watu wamebanana chumba kwa chumba. Uwe raia kamili uliyezaliwa Oli, babu yako amezikwa Oli, bado fungu lako katika milioni hizo ni jembamba kuliko la mwenzako wa parishi yenye watu wachache. Hili si suala la wakimbizi tena. Serikali inapogawa kwa eneo badala ya kwa watu, mji ndio unaoumia.

Afisa akaandika barua. Ilielekezwa kwa ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na ushauri ulikuwa bibi arudi Rhino Camp ambako huduma za watu wenye mahitaji maalumu zinatolewa. Kwa utaratibu, kijana hakukosea hata neno moja. Kwa bibi, ilikuwa na maana ya kurudi kukaa peke yake.

Tiketi

Sasa niingie kwenye mfuko wa jiji lenyewe, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosema kwamba maskini na wakimbizi wanakula bila kuchangia.

Sehemu kubwa mno ya bajeti ya serikali yoyote ya mtaa Uganda hutoka serikali kuu, na karibu yote huja imeshafungwa masharti. Hii ni ya mishahara ya walimu, hii ya wauguzi, hii ya barabara. Halmashauri haiwezi kuchukua shilingi ya fungu moja ikaiweka fungu jingine. Barabara nzuri za lami na taa zilizobadilisha sura ya Arua zililetwa na mradi wa miji wa USMID, wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 2013 katika miji 14, na ukaongezewa fedha mwaka 2018. Nazifurahia taa hizo. Mama anauza mpaka saa mbili usiku kwa sababu yake. Lakini pesa za mradi ule hazikuruhusiwa kununua Coartem, dawa ya malaria.

Kinachobaki mikononi mwa jiji kuamua ni mapato yake mwenyewe. Zamani kulikuwa na kodi ya kichwa ya watu wazima, ambayo iliondolewa mwaka 2005. Watu walishangilia, na walikuwa na haki, kwa sababu wakusanyaji wake walikuwa wakiwakimbiza wanaume porini. Lakini halmashauri zilipoteza mguu mmoja na hazijaupata mwingine wa kulingana nao. Mwaka 2008 ikaja kodi ya huduma za mtaa, ambayo kiwango chake cha juu kabisa ni shilingi 100,000 kwa mwaka, kwa wenye mishahara minono. Kuna kodi ya majengo, ambayo marekebisho ya mwaka 2006 yalimwondolea mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Kuna leseni za biashara, ada za maegesho, na ushuru wa soko.

Mama anauza samaki wakavu kando ya barabara. Kila siku anayofungua, mkusanyaji wa ushuru hupita, naye mama hutoa shilingi 500 na kupewa kikaratasi, ndiyo tiketi. Alikuwa ameviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, vimefungwa kwa mpira, kwa hofu ya kudaiwa mara mbili. Siku moja tulikaa tukapiga hesabu. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 13,000. Kwa mwaka ni shilingi 156,000.

Nisome tena namba hizo mbili. Mwenye mshahara mkubwa kuliko wote katika ofisi za jiji hulipa kodi ya huduma za mtaa isiyozidi shilingi 100,000 kwa mwaka. Muuza samaki anayekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa analipa 156,000. Najua jibu la kitaalamu: moja ni kodi na nyingine ni ada ya mahali pa kuuzia, na mwenye mshahara hukatwa kodi nyingine inayokwenda serikali kuu. Sawa. Lakini serikali kuu si jiji. Tukiuliza nani analijaza fungu ambalo jiji lina uhuru nalo, fungu pekee linaloweza kununua uji au mafuta ya pikipiki ya afisa maendeleo, mama huyu yumo katika walipaji wake waaminifu zaidi. Anachangia kila siku anayofungua, hata siku ambayo hakuuza.

Mwenye nyumba je? Kodi ya mapato ya upangaji hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda na kwenda Hazina. Ya jiji ni kodi ya majengo, na vyumba vya kupangisha haviko katika msamaha wa mwaka 2006. Lakini ili itozwe, sharti jengo liwe kwenye orodha ya uthamini, na orodha inatakiwa ihuishwe mara kwa mara na wathamini wanaolipwa. Mji unaokua kwa kasi hupata vyumba vipya kila mwezi, na orodha haiwezi kuvifuata kama haikupewa pesa. Matokeo yake ni kwamba mkusanyaji humjia aliye rahisi kufikiwa, yule aliyekaa na bidhaa zake barabarani.

Pesa zinapokusanywa, kwa utaratibu wa miaka ya karibuni zimekuwa zikipitia kwanza akaunti ya Hazina kisha kurudi kwa robo mwaka. Zikirudi, hugawanywa kati ya divisheni na jiji. Posho za madiwani zina kikomo cha kisheria cha asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia, na kikomo hicho kwa kawaida kinafikiwa. Kuna mafuta, kuna uzoaji wa taka, kuna kesi mahakamani. Hakuna mstari unaosema kwamba ushuru wa muuza samaki urudi kwenye kituo cha afya anachokwenda muuza samaki.

Yanayowezekana

Watu watasema wakimbizi ni wa Umoja wa Mataifa, jiji lisijitwishe. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu wakati fedha za nje zilipokuwa zikimiminika makazini. Sasa zimepungua, na watu hawatatoweka kwa sababu mgao umetoweka. Wengine wanahofia kwamba tukiwahesabu mjini tutawaalika zaidi. Wameshakuja bila kualikwa, na watoto wao wanakaa dawati moja na wetu.

Lililo karibu zaidi ni boksi la dawa. Yaliyomo hupitiwa upya mara kwa mara kwa kushauriana na maafisa wa afya wa wilaya na majiji, na vituo hupeleka ripoti za wagonjwa kila mwezi. Takwimu za foleni ya Oli zipo kwenye kompyuta za Wizara tayari. Kinachohitajika ni afisa wa afya wa jiji aende kwenye mapitio hayo na hesabu ya waliotibiwa kweli, kituo kwa kituo, aikatae hesabu ya makadirio. Haihitaji sheria mpya wala mkopo. Kwa kituo kilichozidiwa kabisa, njia ni kukiombea daraja la nne ili kiagize chenyewe, ingawa hilo hudai chumba cha upasuaji na watumishi, na huchukua miaka.

La pili liko ndani ya uwezo wa baraza la jiji peke yake: kuamua kwamba sehemu fulani ya ushuru wa masoko na wa barabarani, hata ikiwa moja ya kumi, inakwenda kwenye fungu dogo la jamii linalosimamiwa katika divisheni, kwa ajili ya uji wa watoto walioachwa nyuma na dawa za dharura, na makusanyo yabandikwe ukutani sokoni kila mwezi. Nimelizungumza hili na mwenyekiti wetu wa LC I, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa ya mtaa, mzee aliyeona Arua ikiwa mji mdogo wa vumbi. Hakupinga. Aliniuliza nani atahakikisha fungu hilo halitakuwa posho nyingine. Ni swali la haki, na sioni jibu lingine isipokuwa wauzaji wenyewe wawe na viti katika kamati yake, pamoja na wale wasio na kitambulisho cha taifa, maana tiketi wanazo.

Orodha ya majengo ndiyo ngumu, kwa sababu wenye vyumba vingi vya kupangisha ni watu wenye sauti na wengine wana urafiki na wanaopiga kura barazani. Lakini bila hiyo, fungu la jamii litaendelea kujazwa na muuza samaki akimsaidia muuza nyanya.

Familia bado iko Oli. Msichana mkubwa amerudi darasani, uji wake unalipwa na kina mama wa kikundi cha akiba ambacho mama alijiunga nacho, Wanubi na Walugbara na Wakongo pamoja. Bibi hakurudi Rhino Camp. Mkutano wa bajeti wa jiji huwa kabla ya mwaka kwisha, wakati rasimu ya kwanza inaandaliwa, na mkutano huo uko wazi kwa wananchi. Mwezi Mei bajeti inapopitishwa, mistari yote huwa imeshapangwa. Kikundi kimeamua kupeleka watu wawili kwenye mkutano huo, na wamekubaliana wabebe tiketi zao za mwaka mzima.